Tropical Forages: tathmini ya kifaa cha kuchagulia mbegu za malisho, kwa mwenye ardhi yenye miinuko na mabonde

Tropical Forages ni kifaa cha bure cha mtandaoni kinachomsaidia mtu kuchagua nyasi, mikunde na miti ya malisho inayofaa kusiwa au kupandwa katika nchi za joto na zile zinazopakana nazo. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2005 na taasisi nne zilizofanya kazi pamoja, yaani shirika la utafiti wa kisayansi CSIRO na idara ya kilimo ya jimbo la Queensland kwa upande wa Australia, na vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo na mifugo, CIAT na ILRI. Kisha kikahuishwa upya mwaka 2020. Kina sehemu mbili zinazohusiana. Moja ni chujio, ambalo hupokea sifa za ardhi yako na kukurudishia majina ya mimea inayoweza kukua hapo. Nyingine ni mkusanyiko wa karatasi za maelezo, kila mmea na karatasi yake. Nimekitumia nikiwa na swali moja tu: je, kinamfaa kiasi gani mtu ambaye ardhi yake haiko sawasawa, yenye mgongo wa kilima, mteremko, na sehemu ya chini inayojaa maji wakati wa mvua? Maoni yangu ni kwamba kifaa ni kizuri sana, na kwamba watu wengi watakitumia vibaya, kwa sababu watakijaza mara moja kwa shamba zima.

Chujio linafanya kazi kwa kuondoa. Mtumiaji huingiza latitudo na mwinuko kutoka usawa wa bahari, kiasi cha mvua kwa mwaka, uchachu wa udongo, uzito wake (kama ni wa kichanga au wa mfinyanzi), jinsi maji yanavyopita au kutuama, kiwango cha chumvi, rutuba, kivuli, jalidi (umande unaoganda kwa baridi), na matumizi anayokusudia, kama vile kuchungia mifugo au kukata majani na kuyapeleka zizini. Kila jibu hufuta baadhi ya majina kwenye orodha. Hakuna swali la lazima, na jambo hilo ni la kusifiwa, kwa kuwa jibu la kubahatisha lina madhara kuliko kutojibu. Asiyejua uchachu wa udongo wake na akabandika jibu lolote anaweza kuufuta mmea ambao ungemfaa kuliko yote, na orodha haitamwambia kwamba umefutwa kwa kubahatisha kwake. Ushauri wangu ni kuanza na majibu machache yenye uhakika, kuitazama orodha ikiwa bado ndefu, kisha kuongeza moja moja huku ukiona ni jina gani limeondoka na kwa sababu gani. Utajifunza mengi kwa kuangalia kinachoondoka kuliko kwa kuangalia kinachobaki.

Sura ya ardhi haimo ndani ya kifaa kama sura. Imevunjwavunjwa kuwa masharti: mvua kivyake, udongo kivyake, maji kivyake, kivuli kivyake. Kazi ya kuyaunganisha masharti hayo na kilima unachokiona mbele yako ameachiwa mtumiaji. Wataalamu wa udongo walilifahamu jambo hili mapema. Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanganyika, alieleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo unavyobadilika kwa mfuatano ule ule kutoka kileleni hadi bondeni, ukijirudia kilima baada ya kilima: mwekundu na wenye kupitisha maji juu, mweusi na mzito chini mbugani. Mfuatano huo aliuita katena, na jina hilo linatumika hadi leo duniani kote. Mtu anayesia mbegu za malisho juu ya katena anasia katika mashamba matatu au manne yaliyokaa pamoja, hata kama uzio ni mmoja.

Tuanze na mvua, kwa sababu ndiyo inayopotosha matokeo kuliko jambo lingine lolote. Kifaa kinauliza mvua ya mwaka, na mtu hujibu kwa takwimu ya kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Lakini maji yanayoingia kwenye mizizi hayalingani na maji yanayodondoka kwenye kipimo. Katika bega la kilima, pale ardhi inapojipinda kuelekea chini, sehemu ya mvua hutiririka kabla haijazama, na udongo wenyewe kwa kawaida ni mfupi kwenda chini, haushiki akiba ya kutosha. Pale mteremko unapopungua na ardhi kuingia ndani kama sahani, maji yaliyotoka juu hufika, hupunguza mwendo na kuzama. Kwa hiyo mvua ile ile iliyopimwa inaweza kuwa mvua ya nchi kavu juu na mvua ya nchi yenye neema chini, ndani ya umbali ambao mtu anaweza kuutembea kabla jasho halijamtoka. Nilichokiona kinafaa ni kukijaza kifaa mara kadhaa kwa shamba moja, nikipunguza takwimu ya mvua kwa sehemu za juu na kuiongeza kwa sehemu zinazopokea maji. Hakuna kanuni ya hesabu inayokuambia upunguze kiasi gani. Unachofanya ni kujaribu makadirio mawili, la juu na la chini, na kuamini zaidi majina yanayobaki katika yote mawili.

Kwa mgongo na bega la kilima, matokeo ya kifaa yalikuwa ya busara. Unapoeleza udongo mwepesi, usiotuamisha maji, na mvua pungufu, kinakuletea mimea kama Cenchrus ciliaris, nyasi inayojulikana kwa jina la buffel, ambayo huweza kudumu hata mahali penye mvua ya kama milimita 300 kwa mwaka, na jamii ya Stylosanthes, mikunde inayostahimili udongo mchachu na wenye fosforasi kidogo. Hapa kuna tofauti ambayo mtumiaji lazima aishike mkononi. Nyasi ya buffel inapenda udongo ambao hauna uchachu mwingi, wakati stailo nyingi, yaani hizo Stylosanthes, ziko radhi na uchachu. Kilele cha kilima katika nchi yenye mvua nyingi mara nyingi kimeoshwa madini yake na kuwa kichachu, na kipimo cha uchachu, pH, kikishuka chini ya 5.5 hivi (kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi), aluminiamu huanza kuyeyuka na kuiharibu mizizi ya mimea isiyoivumilia. Kilele cha nchi kavu kinaweza kisiwe na tatizo hilo kabisa. Hivyo sampuli ya udongo ya kila sehemu ni jambo la lazima. Watu huchota udongo huku na huko, juu na chini, wakauchanganya kwenye ndoo moja na kupeleka maabara. Wanachorudishiwa ni wastani wa mahali ambapo hapapo. Kifaa kikipewa wastani huo hakina namna ya kujua.

Lukina, ambayo kwa kitaalamu ni Leucaena leucocephala, ni mfano mzuri wa adhabu ya wastani. Mti huu una majani bora kwa mifugo na mizizi inayokwenda chini sana, lakini hudumaa katika udongo mchachu wenye aluminiamu nyingi, na haupendi mizizi yake kukaa majini. Katika kilima cha nchi ya mvua, kileleni utadumaa kwa uchachu na bondeni utakufa kwa maji. Mahali pake ni katikati, pale udongo ulipo mrefu na maji yanapita. Ukikijaza kifaa kwa wastani, lukina ama itabaki kwenye orodha ya shamba zima, jambo ambalo si kweli, ama itafutwa kabisa, jambo ambalo pia si kweli. Kaliandra, Calliandra calothyrsus, yenye uvumilivu zaidi kwa uchachu, ndiyo inayopaswa kujitokeza kwa sehemu ya juu yenye mvua ya kutosha, na kweli ukijaza sehemu hiyo peke yake hujitokeza.

Kuhusu mteremko wa kati sina mengi ya kusema. Ndiyo sehemu rahisi, na karibu kila nyasi inayosifiwa inafaa hapo: nyasi ya Rhodes (Chloris gayana), nyasi ndefu ya Guinea (Megathyrsus maximus), matete (Cenchrus purpureus) kwa wanaokata na kulisha zizini, ili mradi udongo una rutuba, na nyasi za jamii ya Urochloa, ambazo wengi bado wanaziita Brachiaria. Jambo la kuangalia ni mmomonyoko. Nyasi inayotambaa na kuotesha mizizi kwenye vifundo, kama Urochloa decumbens, hufunika ardhi na kuishika. Matete yanayosimama kwa mashina huacha udongo wazi katikati ya mistari, na kwa sababu hiyo kwenye mteremko yanafaa yapandwe kwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko.

Ni chini ya kilima ndipo kifaa kinapojaribiwa kwelikweli, na ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika. Sehemu ya chini hudanganya macho. Wakati wa kiangazi ina majani mabichi kuliko penginepo, udongo wake ni mrefu na mweusi, na kila mtu anaamini ndiyo sehemu bora zaidi, ndiyo inayostahili mbegu ya bei kubwa. Mvua ikija, maji yanatuama, hewa inakosekana kwenye udongo, na nyasi zilizozoea ardhi inayopitisha maji zinakuwa njano kisha zinakufa. Urochloa brizantha ni ya namna hiyo. Nchini Brazili, ambako aina yake iitwayo Marandu imesiwa katika maeneo makubwa mno, malisho yamekufa kwa mapande katika ardhi zisizopitisha maji vizuri, hasa katika mikoa ya mvua nyingi. Ndugu yake wa karibu, Urochloa humidicola, anastahimili hali hiyo kwa sababu mizizi yake hutengeneza vijia vya kupitishia hewa, na Urochloa mutica huenda mbali zaidi, hata kukua ndani ya maji ya kina kifupi. Mimea mitatu ya jenasi moja, na tofauti ya kuishi na kufa iko katika hatua chache za kushuka bondeni. Kifaa kinaitenganisha vizuri, mradi umejibu maswali yote mawili, lile la upitishaji wa maji na lile la mafuriko, kwa sababu udongo unaobaki na unyevu mwingi si sawa na udongo unaofunikwa na maji kwa majuma.

Mbuga nyeusi ina shida yake nyingine, ambayo haitokani na maji kutuama peke yake. Udongo huu wa mfinyanzi huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Mbegu ndogo ya nyasi iliyosiwa juu yake hukutana na tabaka la juu linalokauka haraka baada ya mvua, au huanguka ndani ya ufa na kuzikwa kwa kina ambacho chipukizi lake haliwezi kukipanda. Nyasi ya Rhodes, yenye mbegu nyepesi zenye manyoya, na hata ile ya buffel, zinaweza kukua vizuri kwenye mfinyanzi zikishashika, lakini kushika kwenyewe ndiko kugumu. Panicum coloratum, hususan aina iitwayo Bambatsi, ndiyo inayosifika kwa udongo wa namna hii, na inavumilia pia maji ya muda. Kwa upande wa mikunde, Clitoria ternatea, yenye mbegu kubwa zaidi na nguvu ya kuchomoza, inafaa kwenye mfinyanzi mzito usiofurika, na pale panapolowa muda mrefu Aeschynomene americana ina nafasi. Mimea yote hii imo kwenye kifaa. Ninachokilaumu ni kwamba chujio linajibu swali la kama mmea unaweza kukua hapo, bila kulipa uzito ule ule swali la kama mbegu inaweza kuota hapo, na kwa anayesia mbegu hayo ni maswali mawili tofauti.

Mguuni mwa kilima katika nchi kavu kuna pia chumvi. Maji yanayopita chini ya udongo kutoka juu huzibuka pale mteremko unapovunjika, yanakauka, na yanaacha chumvi yake juu. Utaona ukanda ambao hauoti kitu, au unaota magugu ya aina moja tu. Nyasi ya Rhodes inavumilia chumvi kuliko nyasi nyingi za malisho, na kwa ukanda huo kifaa kitaibakiza, wakati mikunde mingi itaondoka. Hapa ningependekeza kuamini orodha fupi. Watu wengi wakiona orodha imebaki na majina machache hurudi nyuma na kulegeza majibu ili ipate kurefuka. Huko ni kukilazimisha kifaa kiseme uongo.

Jambo la mwinuko linahitaji uangalifu wa namna nyingine. Joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda, na nyasi nyingi za nchi za joto hupunguza sana kasi ya kukua joto likishuka chini ya nyuzi 15. Kifaa kinatumia latitudo na mwinuko pamoja kukadiria hali hiyo, na kwa tofauti kubwa, ya milima na tambarare, hufanya kazi vizuri: Cenchrus clandestinus, nyasi ya kikuyu, na Setaria sphacelata hubaki kwa nyanda za juu, wakati mimea ya pwani huondoka. Mikunde ya Desmodium intortum na Desmodium uncinatum nayo hubaki, maadamu mvua inatosha, yaani kuanzia milimita 900 hivi. Kwa tofauti ndogo ndani ya shamba, hata hivyo, mwinuko unaweza kukupotosha kabisa. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa baridi huwa nzito, hutelemka polepole kutoka juu na kujikusanya bondeni. Jalidi huanguka chini wakati mteremko ulio juu yake umesalimika. Mwenye kufuata mwinuko peke yake atadhani sehemu ya chini ndiyo yenye joto zaidi. Jibu la swali la jalidi litolewe basi kwa kila sehemu kivyake, na mtu bora wa kuulizwa ni yule anayepita hapo alfajiri.

Upande ambao mteremko unauelekea una uzito unaotegemea mahali ulipo duniani. Karibu na ikweta, jua linapita juu ya kichwa na tofauti ya kaskazini na kusini ni ndogo. Kinachoonekana zaidi ni ule mteremko unaopokea upepo wenye mvua dhidi ya ule uliojificha nyuma yake, na wakati mwingine mteremko wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri hewa ikiwa tayari imepata joto. Kadiri unavyoondoka ikweta, upande unaoelekea jua unakuwa mkavu na wenye joto kuliko ule wa pili, kiasi kwamba mchanganyiko mmoja wa mbegu ukisiwa pande zote mbili utageuka kuwa malisho mawili yasiyofanana. Haya yote utayatafsiri mwenyewe kuwa mvua pungufu au zaidi na joto pungufu au zaidi kabla ya kukijaza kifaa.

Kivuli kimeshughulikiwa vizuri zaidi. Chini ya miti na kando ya vichaka, nyasi ya Guinea, mkunde unaotambaa wa Arachis pintoi, na zile Desmodium hubaki kwenye orodha. Nyasi ya Rhodes na ya buffel huondoka, na ni haki yake. Ningeongeza tu kwamba mti hauleti kivuli peke yake. Mizizi yake hunywa maji, na katika nchi kavu nyasi iliyo chini yake inaweza kukauka kwa kiu hata kama ni ile inayovumilia kivuli. Kwa sehemu hizo, punguza tena takwimu ya mvua. Vichuguu ni kisa cha kinyume: udongo uliopandishwa na mchwa mara nyingi una mfinyanzi na madini zaidi ya ule unaokizunguka, na katika shamba lenye udongo mwepesi na mchachu utaona duara za nyasi nzuri ambazo hazina uhusiano wowote na mbegu uliyochagua. Usichukue sampuli hapo ukadhani umelipima shamba.

Nimesema mengi kuhusu chujio, lakini thamani kubwa ya Tropical Forages iko kwenye karatasi za maelezo. Kila karatasi inaeleza umbo la mmea, asili yake, mahitaji yake ya udongo, unyevu, joto na mwanga, namna unavyostahimili kukatwa, kuchungwa na moto, jinsi ya kuusia, mimea unayoweza kuchanganywa nayo, wadudu na magonjwa, ubora wake kama chakula cha mifugo, na aina zake zilizotolewa rasmi. Kuna sehemu mbili fupi za sifa na udhaifu, na mimi huanza na udhaifu. Sentensi moja ya kwamba mmea hauvumilii maji yaliyotuama, au kwamba huchelewa kushika, inatosha kuokoa gunia zima la mbegu. Karatasi pia hutenganisha aina na aina ndani ya mmea mmoja, kitu ambacho jina la mmea peke yake haliwezi kukibeba, kwa kuwa katika nyasi ya Guinea, kwa mfano, kuna aina ndefu zinazotaka rutuba na mvua na kuna fupi zinazoridhika na kidogo. Duka la mbegu litakuuzia aina, na kwa hiyo ni aina unayopaswa kuisoma.

Upungufu mkubwa ni katika hatua ya kusia kwenye mteremko. Karatasi zinaeleza kina cha kufukia na namna ya kuandaa ardhi, lakini zinaandikwa kana kwamba ardhi ni tambarare, na ni kawaida ya maandishi ya namna hii. Mbegu nyingi za nyasi za malisho ni ndogo, zinafukiwa kwa sentimita moja au chini ya hapo, maana yake ziko ndani ya tabaka lile lile ambalo mvua ya kwanza kubwa hulichukua. Mbegu zikisiwa kwa kutawanya juu ya mteremko uliolimwa na kulainishwa, mvua huzikokota hadi chini, na baada ya majuma machache utaona miche imesongamana mguuni huku bega likiwa uchi. Mtu huilaumu mbegu, au muuzaji. Kinachosaidia kinajulikana: kutolainisha sana ardhi yenye mteremko, kusia kwenye mifereji midogo inayofuata kontua, kuacha mabua ya zao lililotangulia au vipande vya nyasi visivyolimwa vikatize mteremko, kushindilia udongo kidogo baada ya kusia ili mbegu ishikane nao, na kusia sehemu za juu mvua zikiwa zimetulia na sehemu za chini kabla hazijajaa maji. Katika bonde, dirisha la kusia ni jembamba: mapema mno, udongo umepasuka, ukichelewa, hakuna anayeweza kuingia na jembe, achilia mbali trekta.

Kwa upande wa matumizi ya kila siku, kifaa ni chepesi na hakihitaji malipo. Karatasi zake zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mkulima asiyekizoea atahitaji mtu wa kumsomea. Majina ya kisayansi yamefuata mabadiliko ya karibuni, hivyo anayetafuta Brachiaria ataikuta chini ya Urochloa, Panicum maximum chini ya Megathyrsus, na Pennisetum purpureum chini ya Cenchrus, huku mifuko ya mbegu mingi na maafisa ugani wengi wakiendelea na majina ya zamani. Si kosa la kifaa, lakini humchanganya mtu siku za mwanzo.

Kinamfaa zaidi afisa ugani, mwalimu wa kilimo, na mfugaji anayepanga kusia eneo kubwa na yuko tayari kuchora ramani yake kwa mkono, akaligawa shamba kwa kufuata maji na udongo, na kukijaza kifaa mara moja kwa kila kipande. Mwenye kipande kimoja kidogo kilicho tambarare atapata faida ndogo kuliko ile ya kuwatazama majirani. Mwenye ardhi ya baridi kali, ambako malisho ni ya nyasi na klova za nchi za baridi, atafute kifaa kingine, kwa sababu hiki kimejengwa kwa ajili ya ukanda wa joto.

Kabla ya kununua mbegu ya sehemu ya chini, soma pia sehemu ya karatasi inayohusu uwezo wa mmea kuenea na kugeuka gugu. Sifa zinazoufanya mmea ustahimili bondeni, yaani kutambaa, kuotesha mizizi kila kifundo na kukua ndani ya maji, ndizo zinazoupeleka nje ya uzio kwa kufuata mkondo. Urochloa mutica imevamia ardhi oevu katika nchi kadhaa, Australia ikiwemo, na ikishaingia kwenye mfereji au kinamasi cha jirani haitoki kwa urahisi. Kama bonde lako linamwaga maji yake kwenye mto au kwenye eneo linalohifadhiwa, chukua jina linalofuata kwenye orodha, hata kama mavuno yake ni madogo.